Goti la Bibi Kristiana

Ndoa ya Jovina ilikuwa mikononi mwa babu mdogo Alfonsi. Tangu biashara iwe ruksa, alikuwa akileta sukari na sabuni kutoka Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasesya, kwa lori lake mwenyewe, na pale Sumbawanga hakuna sherehe ya ukoo iliyofanyika bila yeye kukubali. Sasa alitoa sharti: hatawabariki maharusi mpaka shemeji yake Kristiana, bibi yake Jovina mzaa baba, apige magoti mbele ya watu na kumsalimu.

"Miaka yote ananisalimu kasimama kama mlingoti," alisema. "Mwanamke gani wa Kifipa huyo?"

Jovina aliona aibu. Naye alidhani bibi ana kiburi.

Juma lile alishuka Wampembe, kando ya ziwa, kwa bibi Coleta, mdogo wake Kristiana, kuulizia ukoo. Mama wa mchumba wake Edwin alizaliwa huko, na padri hakutaka ndugu waoane. Undugu haukuwapo. Coleta akamtazama miguu, akacheka.

"Mke mwenzangu, hiyo miguu ya dada. Unakimbia?"

"Nikimbilie wapi, bibi?"

"Dada alikimbia. Tukipandisha dagaa mlimani, sisi tunahema, yeye kashafika juu anatucheka. Miaka ya mwanzo ya uhuru, Saba Saba, wakamshindanisha Sumbawanga. Akawaacha wanawake wote. Akachaguliwa kwenda Mbeya."

"Akashinda?"

Coleta akaacha kucheka. "Hakwenda. Marehemu babu yako Zenon alikuwa migodini Zambia. Alfonsi akasema mke wa kaka yake hatawaonyesha watu mapaja. Asubuhi ya safari akampiga gotini kwa mpini wa jembe. Halikunjiki mpaka leo."

Njia nzima ya kurudi Jovina alijaribu kusali rozari, akashindwa. Mtu anavunja goti, kisha anadai lipigwe.

Siku ya kikao cha ukoo cha kuwabariki maharusi, Kristiana alijishika ukutani, akaanza kujishusha kwa ajili ya mjukuu wake, jasho likimtoka. Jovina akamdaka mkono.

"Kaa, bibi." Akamgeukia Alfonsi. "Babu, goti hili ulilivunja wewe, asubuhi aliyokuwa aende Mbeya kukimbia. Na bado unalidai."

"Nani kakudanganya, mtoto?"

Raymond, baba yake Jovina, akamtazama mama yake. "Mama, ni kweli?"

"Kweli. Nilimwambia baba yako nimeanguka mlimani. Angejua, angemuua mdogo wake." Kristiana akaketi. "Goti nimemsamehe, kila Kwaresima namsamehe upya. Zile mbio ndizo zinanishinda kusamehe. Ningewaacha hata hao wa Mbeya."

Alfonsi akainuka. "Basi tafuteni lori lingine la harusi, na baraka nyingine."

Raymond akamfungulia mlango, asimsindikize hata hatua moja. Kisha akawaambia wageni, "Atakayebariki ni mama."

Kristiana akawawekea Jovina na Edwin mikono kichwani akiwa ameketi, mguu mbovu kaunyoosha katikati ya chumba. Alisali kwa sauti kali, kama mtu anayegomba, na hakuna aliyethubutu kusema amina kabla hajamaliza.