Yule wa Kwenye Miwa

Leo jirani anachoma miwa kabla ya kuikata, na moshi ule mtamu umeingia mpaka kwenye nguo zangu.

Nilipokuwa mtoto, katika miwa yetu aliishi mnyama wa ajabu, mnene kama gunia la mahindi. Uchawi wake ulikuwa mmoja tu: alipolala, udongo ulipata joto. Hakuuma wala hakukimbia.

Siku ya kuchoma, nyanya alizunguka shamba akigonga debe ili wanyama watoke. Sungura walitoka. Baba akawasha moto.

Nilimvuta nguo nyanya, ambaye tulimwita Kukhu. "Kukhu, yule mnene bado hajatoka!"

"Atatoka. Huyo hakuwangi na haraka."

Aligonga debe mpaka moto ukazimika, lakini mnyama hakutoka.

Asubuhi majivu yalikuwa baridi kila mahali, isipokuwa pale mnyama alipozoea kulala. Nyanya akavua sapatu, akasimama hapo mpaka udongo ukapoa.