Vidoti vya Verl Tuttle

Moab ni mji ambao hata mtalii aliyetua jana hukodi gari na kupanda majabali kabla ya chakula cha mchana. Verl Tuttle, mzaliwa wa hapo hapo, alikuwa na gari la majabali ambalo halijawahi kukanyaga kokoto. Lilikuwa mwaka wa nane juu ya stendi gerejini kwake, likiwa limefumuliwa nyuma, likisubiri fundi aridhike. Na fundi huyo, jamani, kuridhika hakumo kwenye damu yake.

Usidhani ni mvivu. Mvivu angeliacha gari kama lilivyotoka kiwandani akaenda zake kutembea. Verl alizing'oa springi za nyuma, akasema hizo ni za mkokoteni, akaamua kubuni mwenyewe vyuma vinne vya kushika ekseli, ule mtaimbo unaobeba magurudumu: viwili chini, virefu na vinene, na viwili juu, vilivyopanuka kama miguu ya mtu anayezuia mlango, ili ekseli isihame kushoto wala kulia. Hadi hapo hana kosa. Balaa ilianzia kwenye vishikizo vya vile vyuma vya juu. Ukivipandisha kidogo, ukikanyaga mafuta gari linabinua matako na kurukaruka mlimani. Ukivishusha, linachuchumaa kama lililobanwa na haja. Verl hakutaka hili wala lile. Alitaka litembee kama bibi harusi.

Basi akavichomelea vidoti tu, vile vya kushikiza kwa muda, ambavyo ukivigonga kwa nyundo kishikizo kinadondoka. Kila mchomeleaji huanza hivyo, kisha humalizia. Bwana huyu alilala, akaamka na wazo, akagonga, akahamisha upana wa kidole, akapiga vidoti vingine. Kesho yake tena. Jirani yake Boyd, bingwa wa kushauri akiwa amekaa na soda yake iliyotiwa krimu, alimuuliza kama anatengeneza gari au anaatamia yai. Verl akamjibu kwamba watu wa haraka ndio hao wanaookotwa mabondeni.

Tusisahau gari lilikuwa la nini, maana mwenyewe alishasahau. Nyuma ya mji kuna jabali, na juu yake kuna ukingo ambapo Verl, enzi akiwa na nywele, alimposa LaRue. Walipanda kwa miguu. Magoti ya LaRue yalipoanza kugoma hata kwenye ngazi za kanisa, mumewe alimwahidi kwamba atamfikisha tena kule juu kwa gari atakalolijenga kwa mikono yake. Bibi wa watu akalia kwa furaha. Hakujua kwamba analetewa mke mwenza wa chuma. Mwaka huu alikuwa anatembea kwa fimbo, na kupanda ndani ya gari lolote kulishakuwa shughuli. Alijua akichelewa zaidi hatapaona tena.

Lakini aliacha kulalamika. Kila Jumanne alitoka kwenda kushona mablanketi na akina dada wa kanisa, na Verl akafurahi sana kwamba mkewe amepata la kufanya.

Ukaja Oktoba, msimu wa kulungu, ambapo mwanamume wa pale akibaki mjini watu huuliza anaumwa nini. Verl na Boyd wakapanda milima ya La Sal na bunduki zao. Walirudi bila kulungu, ila Verl alirudi na wazo: vishikizo vya juu vishuke upana wa kidole. Hata viatu hakubadilisha. Alichukua nyundo, akajisukuma chini ya gari, akagonga. Kishikizo hakikudondoka. Akagonga kwa nguvu. Akawasha tochi akatazama. Kila kishikizo kilikuwa kimechomelewa mzunguko mzima, mshono safi uliotulia. Aliumia zaidi kuona ni safi kuliko yake.

"Nani kagusa gari langu?"

"Mimi," akasema LaRue kutoka mlango wa jikoni. Blanketi hajawahi kushona hata moja. Jumanne zote alikuwa chuoni akijifunza kuchomelea, na akina dada wote wa kanisa walikuwa wanajua; wanaume walipokwenda kuwinda, akamalizia kazi. Kulala chini ya gari kulikuwa rahisi, alisema. Kuinuka ndiyo ilikuwa kazi.

Verl alipandisha sauti, akaishusha, akamweleza pembe na vipimo, akasema limeharibika kabisa, sasa litabinua matako.

"Libinue. Mimi Jumamosi nakwenda kule juu. Utanipeleka wewe, au nitamwomba lifti mtalii."

Verl akalishusha gari kwenye stendi, na Jumamosi wakaenda. Kwenye mwinuko wa kwanza gari likabinua matako kama Verl alivyotabiri, na kwa mara ya kwanza maishani hakufurahia kuwa sahihi. LaRue alishika mshikio wa dirishani akacheka kama msichana. Katikati ya jabali, pua ya gari ikitazama mbingu, Verl akakanyaga breki. 

"LaRue, naogopa. Kishikizo kimoja kikiachia, nimekuua. Miaka yote hii naogopa hivyo hivyo."

LaRue alimgeukia. Hasira ya miaka minane ilimpita usoni, ikaishia njiani.

"Najua. Ndiyo maana nimechomelea mimi. Kikiachia, nimejiua mwenyewe. Kanyaga mafuta."

Akakanyaga. Gari likaruka, likakwaruza, likapanda.

Kule juu walikula mikate yao ukingoni, LaRue fimbo mapajani, macho yakimlengalenga bila aibu. Baada ya kitambo Verl akanyanyuka kimya kimya, akalala chini ya gari na tochi. Mishono yote ilikuwa imeshika. 

"Ungevishusha upana wa kidole tu," sauti ikatoka chini ya gari.

"Grainda ya kukatia chuma na nyundo nimempa Boyd," akasema LaRue. "Njoo ukae."

Verl akatoka, akafuta mikono kwenye suruali, akaenda kukaa.