Aliyechomoa Plagi

Waya hakuzaliwa akiitwa Waya, lakini hata mama mkwe wake alimwita hivyo, kwa hiyo na sisi tusijifanye tunamheshimu kuliko mama mkwe. Jina alilipata ujanani kwa sababu mbili: alikuwa mwembamba, na siku zote alikuwa na waya wa kitu fulani mkononi. Nyumbani mkewe alimwita Baba Pacha. Hospitalini, ambako ndiko alikobakiwa na kazi, aliitwa "yule wa mashine".

Kazi yake ilikuwa kutunza kumbukumbu. Si zile za kichwani, maana hata siku ya kuzaliwa kwa wanawe alikumbushwa, bali za kompyuta. Alikuwa ameandika programu ya kuhifadhi taarifa: nani amelazwa, damu yake ni ya kundi gani, amepewa dawa ipi na nani kampa. Programu haikuwa na urembo hata chembe. Ilikuwa na rangi mbili, kijivu na kijivu kilichofifia. Ila ilikuwa na tabia moja iliyomfanya Waya atembee kifua mbele: haikupoteza kitu.

Mambo yalianzia kwenye maabara alikopata ajira yake ya kwanza. Umeme ulikatika mchana kweupe, na uliporudi, majibu ya damu ya wiki nzima yalikuwa yameyeyuka. Wagonjwa wakaitwa upya ili wachomwe tena sindano. Waya ndiye aliyesukumwa mlangoni kuwaeleza. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mapajani hakulalamika wala hakuuliza swali. Alimkunjia tu mtoto mkono wa shati. Waya alirudi nyumbani siku hiyo akakaa mezani na kalamu.

Basi akaandika programu ambayo, kabla ya kugusa kumbukumbu yenyewe, ilijiandikia kwanza pembeni kile inachotaka kufanya. Ikikatwa katikati ya kazi, iliamka ikijua imefikia wapi. Ilijikagua kote, halafu ikaweka maneno mawili kwenye kioo: Hakuna kilichopotea.

Namna ya kuijaribu ilikuwa moja, nayo ilikuwa kuchomoa plagi ukutani bila kuaga. Hiyo ikawa desturi ya nyumba. Alifanyia kazi chumba cha nyuma, mkewe akishona nguo upande wa dirishani, na pacha wao, wa kike na wa kiume, walipewa ruhusa ambayo watoto wengine wangechapwa kwa kuifikiria tu. Walitambaa kwa magoti chini ya meza, wakachomoa, wakachomeka, wakakaa wakisubiri. Maneno mawili yalipotokea, wa kike alipiga makofi. Wageni nao hawakusalimika. Ukienda kwa Waya kuchukua suruali yako iliyopunguzwa, utaombwa kwanza uchomoe plagi.

Aliyekuwa na jukumu la kuiuza programu hiyo ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu aliyeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe ukamshukuru. Shemeji alikuwa na mipango. Alitaka mabango, alitaka jina tamu, alitaka rangi ya machungwa. Zaidi ya yote alitaka programu igawiwe bure vyuoni.

"Shemeji, wanafunzi wakijifunza hii, kesho wakiajiriwa wataitaka hii hii," alimwambia. "Mtu hutaka alichokizoea."

"Bado sijamaliza sehemu ya kutafuta majina," alijibu Waya.

"Utaimaliza lini?"

"Ikiwa tayari."

"Na mteja atajuaje kama ipo?"

"Mteja ana macho."

Walizungushana hivyo miaka mingi. Mwishowe shemeji alichoka, akahamia kampuni kubwa iliyokuwa na programu yake, yenye rangi ya machungwa hasa na jina tamu hasa. Hakuondoka kwa ugomvi. Alikuja na keki kuaga. Tusimwonee: programu ile nayo haikuwa mbovu. Ilikuwa nzito, ilipenda kuganda mchana wa joto, na kwa mambo ambayo ya Waya iliyafanya kwa pumzi moja, yenyewe iliomba mapumziko. Lakini ilifanya kazi, na kila kijana aliyetoka chuoni aliijua kama njia ya kwao. Wateja wa Waya wakaanza kuaga mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanaoondoka msibani. Ikabaki hospitali peke yake. Hospitali nayo ikiondoka, programu haikuwa na pengine pa kuishi, na Waya alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua umri wake.

Siku ikafika. Hospitali ilitangaza kwamba inataka kuangalia upya, ikawaita wote wawili, Waya na kampuni kubwa, waje waoneshe walicho nacho mbele ya wakuu wake. Mkewe alimpigia pasi shati, akamkagua shingoni hadi viatuni.

"Baba Pacha, ongea nao. Wachekeshe kidogo."

"Nitawaonesha."

"Nimesema ongea," alisema mkewe, akajua anaongea na ukuta.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, viti vya magurudumu, na projekta iliyosimama juu ya kreti la soda lililofunikwa kitambaa. Kampuni kubwa ilianza. Shemeji alisimama akiwa na suti, akamsalimu kila mkuu kwa cheo chake, akauliza hali ya goti la daktari mkuu, kisha akaonesha grafu zilizopanda tu, hakuna iliyothubutu kushuka. Kila mtu alipewa mkoba wa machungwa. Ndani yake mlikuwa na kofia, kalamu na chupa ya maji. Hata Waya alipewa mmoja, akauweka chini ya kiti.

Zamu yake ilipofika, Waya hakuwa na grafu. Aliunganisha mashine yake na projekta, rangi zake mbili zikatandaa ukutani, na mtu mmoja akafuta miwani akidhani tatizo ni miwani. Akaanza kuingiza wagonjwa wa kubuni, mmoja baada ya mwingine, haraka haraka. Kisha, kazi ikiwa bado inaendelea, akamgeukia daktari mkuu.

"Mheshimiwa, naomba uchomoe plagi."

"Plagi?"

"Hiyo hapo karibu na mguu wako. Ya umeme."

Daktari mkuu alimtazama mkuu wa ununuzi, mama mmoja mtulivu aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi. Mama akainua mabega. Daktari mkuu akainama akashikilia goti lake, akachomoa.

Nyumbani kwa Waya plagi moja ililisha mashine moja. Hapa plagi ile ilikuwa ya waya wa kurefushia umeme, nao ulilisha mashine, projekta, feni na birika la chai lililokuwa kwenye kona. Vyote vikazima kwa pamoja. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Giza likaingia, na feni ikaendelea kuzunguka kwa uvivu mpaka ikakoma.

"Sasa chomeka," alisema Waya gizani, kwa sauti ya mtu anayefurahia.

Plagi ikarudi. Mashine iliamka, ikajikagua na kumaliza kabla mtu hajapiga chafya mbili. Lakini projekta ilikuwa ya kizamani, ukiizima ghafla hukununia mpaka ipoe. Ukuta ulibaki mweupe, kitaa kidogo chekundu kikimwekamweka. Waya aliyaona maneno mawili kwenye kioo kidogo mbele yake. Wengine waliona ukuta. Mtu akakohoa. Simu zikaanza kutoka mifukoni.

"Imekufa?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Haijafa, subirini kidogo," alisema Waya, na hilo ndilo lililokuwa onesho lake lote la maneno.

Hapo shemeji akanyanyuka. Mkewe Waya alikuja kuniuliza baadaye, na wewe ukitaka niulize, kama alifanya kwa hila au kwa huruma. Mimi naona ni vyote, maana kwa watu wa aina yake havitenganishwi. Alisema, "Waheshimiwa, wakati tunasubiri, tunyooshe miguu. Nje kuna chai na sambusa, karibuni sana." Viti vikasukumwa, watu wakatoka wakiwa na mikoba yao ya machungwa.

Projekta ilipopoa, ukuta uliwaka. Hakuna kilichopotea, iliandika, kwa herufi kubwa kama mlango, mbele ya viti vitupu. Waya alisimama akayasoma. Alitarajia atakasirika. Alingoja hasira ije, haikuja, wala aibu haikuja. Alihisi mwili umekufa ganzi kuanzia mabegani kushuka chini. Akaanza kukunja waya zake.

Mkuu wa ununuzi alimwita ofisini wiki iliyofuata. Alimpa kiti, akafunga mlango.

"Kaka, umetufanyia kazi vizuri, kwa hiyo sitakuzungusha. Tumechukua ile nyingine."

Waya akaitikia kwa kichwa.

"Ile ikizima kesho, nitasema mbona kila mtu anaitumia. Ya kwako ikizima, wataniuliza nilikuokota wapi."

"Haijawahi kuzima."

"Najua," alisema mama yule, na alisema kwa upole. "Ndiyo maana hakuna anayeijua. Humu ndani kitu kikikorofisha ndiyo kinatajwa. Wewe wengine walidhani ni fundi wa taa."

Waya akasema amesikia. Akashukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akatoka. Kwenye korido alimpita karani aliyekuwa akitumia programu yake, vidole vyake vikikimbia bila hata kutazama, na Waya akapita kama mtu anayepita nyumba aliyowahi kupanga.

Shemeji alikuja nyumbani Jumapili. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Shemeji, kuna kazi ya kuhamisha taarifa kutoka kwako kuja kwetu. Vijana wangu wamejaribu, wanachanganya. Wewe ndiye unayeijua."

Mkewe Waya alisimamisha cherehani. "Kaka, huna haya? Unamwita mtu achimbe kaburi la mwanawe?"

"Dada, asipofanya yeye, watapoteza watu humo."

"Nitafanya," alisema Waya. Sauti yake haikuwa na kitu, kama anayekubali kuongezewa maji kwenye glasi.

Akafanya. Alihamisha wagonjwa wote na makundi yao ya damu na dawa zao, akalinganisha huku na huku, akarekebisha makosa ya vijana bila kuwanunia. Wauguzi waliogopa kwamba angeharibu makusudi. Hawakumjua. Siku ya mwisho aliizima programu yake kwa utaratibu unaotakiwa, akafunga chumba, akaurudisha ufunguo. Bado hakuhisi kitu. Njiani alinunua mkate kwa sababu alikuwa ameagizwa mkate.

Nyumbani alimkuta pacha wa kike, amekuja kutoka chuoni kwa mapumziko. Anasomea kompyuta, damu ni nzito. Alikuwa amekaa chumba cha nyuma, kwenye meza ile ile, na kompyuta ya mkononi ambayo betri yake ilishakufa, inaishi kwa umeme wa ukutani tu. Kioo kilikuwa cha machungwa.

"Shikamoo, baba. Njoo uone, nakaribia kumaliza zoezi."

"Marahaba. Hiyo ndiyo mnayofundishwa?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Ya kwako mwalimu hajawahi hata kuisikia. Nilimuuliza."

Waya alisimama nyuma ya kiti chake, akatazama. Zoezi lilikuwa zuri. Binti alipanga vitu vizuri, kwa subira, kama alivyokuwa akipanga yeye. Waya alihisi kufurahi kwa mbali, na bila kujua anafanya nini, kwa mazoea ya miaka yote, aliinama chini ya meza mkono ukishika plagi.

"Baba, usichomoe," binti alisema haraka, akamkamata mkono. "Tafadhali. Itapotea yote."

Waya aliachia plagi. Alikaa pale pale chini, mgongo kwenye ukuta, mkate bado kwapani, mahali ambapo binti huyu zamani alikaa kusubiri maneno mawili apige makofi. Hapo ndipo ganzi ilipomtoka, yote kwa mara moja, na mkewe alipoingia kuuliza mkate uko wapi alimkuta mumewe analia chini ya meza, na binti akimuuliza amemkosea nini.