Babu na Vimikate vya Kifini

Respicius alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kusema "hilo niachie mimi" kabla hajajua hilo ni lipi. Binti yake Scola, aliyeolewa Ufini, alipiga simu kwamba anakuja Durban kwa wiki moja na mwanawe Venla, wa miaka minane, ambaye hajawahi kuonana na babu yake. Respicius akauliza mtoto anapenda nini. Scola akajibu haraka haraka kwamba kule huwa anaoka na kufuma na bibi yake wa Kifini. Hilo niachie mimi, akasema babu.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Alikuwa mgane, karani wa makontena bandarini, akiishi peke yake kwenye fleti ya Berea. Mtoto akimchoka siku ya kwanza, pengine hatamrudia tena maishani.

Basi akaanza kuutafuta Ufini mjini Durban. Mabaharia wawili wa Kifini aliowabana bandarini walimweleza vimikate vya kwao, vya unga mweusi na uji mzito wa mchele ndani, kisha wakakiri kwamba wao huvinunua dukani. Unga wenyewe aliupata, kilo tano, kwenye duka la wanaokula kwa ushauri wa daktari. Kufuma alikwenda kujifunza saluni kwa jirani yake Marie-Claire, Mkongomani anayewafumia kofia watoto wa kanisani kwake. Baada ya jioni tatu, soksi ya Respicius ilikuwa na umbo la kifuniko cha birika.

"Papa Respicius," Marie-Claire alimwambia, "vidole yako iko ya kufunga kontena. Achana na laine, hii uzi ya watu."

Hakuachana. Siku ya wageni aliamka mapema akaoka. Venla aliuma kimkate kimoja, akakitafuna kwa muda mrefu sana, kisha akakirudisha sahanini kwa heshima zote. Akafungua begi lake na kutoa kisu kidogo kilichoviringishwa kwenye taulo.

"Babu, ndizi ziko wapi?"

Kumbe kwa miezi mitatu mtoto alikuwa akijifunza kumenya ndizi za kupika, maana aliambiwa babu yake ni Mhaya, na Mhaya asipokula ndizi hajala. Mhaya mwenyewe alikuwa na kilo tano za unga mweusi na hana ndizi hata moja. Alishuka mbio hadi genge la Wakongomani, akarudi na mfuko mzima, na kwa kuwa ule ugonjwa hauna dawa, akakichukua kisu: hilo niachie mimi. Ndizi ya kwanza ilibaki nyembamba kama kidole, na kidole chenyewe kikatoka damu.

"Babu, kaa tu," akasema Venla.

Akakaa. Mtoto akajipaka mafuta viganjani ili utomvu usimgande, akapitisha kisu chini ya ganda, likatoka vipande virefu na ndizi ikabaki nzima. Respicius akamuuliza nani kamfundisha.

"Mama. Na yeye alifundishwa na bibi wa huku."

Miaka thelathini Respicius alikaa mlangoni mwa jiko akiuliza chakula kinaiva lini, na hata siku moja hakuitazama mikono ya mkewe. Aliona aibu, na alimkumbuka mno. Akasogeza kiti karibu na mjukuu wake, akaomba aonyeshwe tena, polepole.