Mpini wa Kisu cha Awang

Bonaventura Mughwai wa Mandewa alikuwa mpishi wa meli kwa miaka mingi kabla ya kurudi Singida kulima alizeti. Alirudi na keris, kisu cha Wamalei chenye makali yanayopinda kama nyoka anayetambaa. Alipewa na baharia mwenzake, Awang, aliyeugua homa wakiwa safarini. Awang alimwomba akifikishe kwa ndugu zake, akataja na kijiji. Kulipokucha alikuwa amefariki, na kabla meli haijatia nanga jina la kijiji lilikuwa limeshampotea Bonaventura.

Kisu kilikaa juu ya kabati. Mke wake, Selina, hakukipenda. Mpini ulichongwa kichwa cha ajabu, pua ndefu kama mdomo wa ndege, meno nje. Binti yao Eliana alipopatwa na degedege akiwa mdogo, Selina aliuchomoa mpini akautupa motoni. Mtoto alipona. Bonaventura hakugomba, alitia mpini wa mpingo, yakaisha.

Mwaka jana Eliana, sasa nesi, alimpata mtandaoni mzee wa Malaysia anayetambua asili ya keris. Akamtumia picha. Jibu lilipokuja akawaeleza wazazi.

"Anasema chuma peke yake hakitoshi. Visu hivi vya Java na vya Malaya viliuzwa, vikarithiwa, vikasafiri. Mpini ndio unaoonyesha kwao. Anauliza ule wa kwanza uko wapi."

"Mwambie niliuchoma," Selina alisema. Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Eliana, mimi nilidhani ulikinunua sokoni. Kwa nini hukuniambia ni amana ya marehemu?"

"Niliona aibu. Nilikuwa nimesahau kijiji."

Selina alifinyanga kichwa kile kwa udongo, kadiri alivyokumbuka. Mzee aliipokea picha akajibu kwamba huenda ni mpini wa mdiria, yule ndege mvua samaki, wa pande za Patani au Kelantan. Zaidi ya hapo hakuthubutu kusema, maana kila mchongaji alikuwa na mkono wake. Akaitangaza habari huko.

Familia nyingi ziliandika. Kila moja ilikuwa na Awang wake ambaye hakurudi kutoka baharini, na zilieleza mpini wa nyumbani kwao vizuri kabisa. Hapakuwa na cha kulinganisha, mpini wenyewe ulishaungua.

Mama mmoja aliuliza kama Awang wao alikuwa akiimba anapofanya kazi. Eliana akamsomea Bonaventura swali hilo.

"Mwambie sikumbuki, mwanangu," alisema. "Mwambie anisamehe."