Pakiti Nyekundu

Msichana wa kliniki aliutazama ulimi wangu akatabasamu. "Umekuwa mzuri, mamii. Damu imetembea. Sasa tunaanza upya na pakiti nyekundu."

Niliisukuma ile pakiti ikaanguka chini ya meza. Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakageuka.

"Hiyo damu ilikuwa mimba yangu," nikamwambia.

Binti yangu alikuwa darasa la kwanza, na mimba ya pili ilikuwa imekataa kushika miaka mitatu. Kliniki ile ya dawa za Kichina ilikuwa mtaa wa Pipeline, juu ya duka la magodoro. Daktari aliniwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo, akasema maneno machache kwa lugha yake. Msichana akatafsiri: kizazi kina baridi. Nisinywe maji baridi, na kila jioni niloweke miguu kwa maji moto. Nikapewa pakiti za rangi nne, kila rangi na wiki yake. Nyekundu ilikuwa ya siku za hedhi, ya kusukuma damu.

Nyumbani, mtaa wa Tassia, ghorofa ya tano, nilipozichemsha harufu ilijaa koridoni.

"Jirani, leo unapika tairi ya mbele ama ya nyuma?" mama wa mlango wa pili aliniuliza.

Nilicheka naye. Sikumwambia. Ukiwa na mtoto mmoja huna wa kumlilia. Mume wangu mwenyewe alisema, "Si uko na huyu? Wengine hawana hata mmoja," akarudia simu yake. Basi nililoweka miguu kwenye karai peke yangu, jioni baada ya jioni.

Mwezi wa tano wa dawa, wiki ya nyekundu ilifika, damu haikufika. Nikapiga simu kliniki, msichana akapokea. "Nimechelewa siku tisa. Ninywe tu?"

"Kunywa, mamii. Imeganda kwa baridi. Hiyo ndiyo itaifungua."

Hakuniambia nipime. Nami sikupima, nilishachoka kuona mstari mmoja kwenye kipimo. Nilikunywa siku tatu. Siku ya nne nilikuwa hospitalini, na nesi akaniambia ilikuwa mimba changa. "Siwezi kusema ni dawa iliyoitoa. Lakini hukufaa kupewa kabla ya kupimwa."

Siku niliyorudi kliniki, niliiokota ile pakiti chini ya meza nikaondoka nayo. Kesho yake nikaenda ofisi ya serikali inayosimamia waganga wa dawa za asili.

"Una shahidi?" mama wa kaunta aliuliza.

"Sina."

Akanipa fomu hata hivyo. Nafasi ya malalamiko ilikuwa mistari minne. Niliandika:

"Niliwaambia nimechelewa siku tisa. Waliniambia ninywe dawa ya kusukuma damu. Hawakunipima. Naomba mwanamke mwingine asipewe pakiti hii kabla ya kupimwa mimba."

Nikaibana pakiti kwenye fomu kwa stepla, nikatia sahihi.