Fundi wa Mageti na Gari Jepesi

Mjomba wangu anachomelea mageti, na mtaa mzima unamwita Nondo. Geti lake likishasimama, hata fahali akilipiga kichwa ataondoka na aibu yake. Kwa Mjomba, chuma kizuri ni chuma kinene.

Dada yake, Mama Mkubwa, ni mkunga mstaafu. Ujanani alinunua gari dogo la spoti, la viti viwili na paa la turubai, lililokaa chini kiasi kwamba mtu hulivaa badala ya kulipanda. Lilikuwa limelala bandani miaka mingi, kutu imekula sakafu mpaka ardhi inaonekana. Hoteli moja ililitaka iliweke bustanini na kupanda maua ndani yake.

"Likipita ukaguzi, nitaliendesha," Mama Mkubwa alimwambia Mjomba. "Lisipopita, walichukue. Nimechoka kulitazama likioza."

Mjomba na makanika jirani walifufua injini, wakabadilisha mabomba ya breki. Sakafu akaifanya peke yake: alikata mabapa ya chuma yaleyale ya mageti, akayachomelea kwa mstari mnene toka mbele hadi nyuma. Akarukaruka juu yake. Haikulia hata kidogo.

Kwenye uwanja wa ukaguzi wa magari, mkaguzi alilikimbiza gari kisha akakanyaga breki. Likaupita mstari mweupe wa kusimamia na kwenda kusimama karibu na ukuta. Mkaguzi akashuka, akagonga sakafu kwa kidole.

"Mzee, breki ni nzima, ila ni za gari jepesi. Umepakia nini humu?"

"Sijapakia kitu."

"Umepakia sakafu."

Mama Mkubwa alijizuia mpaka nyumbani. "Mdogo wangu, nilikuomba gari, umenipa geti lenye magurudumu."

"Nilitaka likulinde, dada."

"Litanilinda vipi na halisimami? Watu wa hoteli wanakuja Jumatatu. Niwaambie nini?"

Mjomba alikuna kidevu. "Waambie maua yanaota hata kwenye ndoo."

Akaikata sakafu yake mwenyewe, uso umemkunjamana kama anayeng'olewa jino. Kisha akanunua bati jembamba. Alipolichomelea kwa mkono wake wa mageti, likatoboka. La pili likajipinda kama jani motoni. Mama Mkubwa akaleta kiti, akaketi mlangoni mwa karakana.

"Usisukume kabla ya wakati," alisema.

"Hapa si wodini, dada."

"Ingekuwa wodini, ningekuwa nimeshakutoa nje."

Mjomba akacheka, akapumzisha mkono. Akaanza upya: anachoma nukta moja, anahamia pembe nyingine, anaiacha ya kwanza ipoe, ndipo anarudi. Alilalamika kwamba anashona vifungo vya shati. Lakini bati lilitulia, na nukta zikakutana. Kazi aliyozoea kuimaliza kwa alasiri moja ikamla wiki kadhaa. Alipoinua gari kwa jeki, alishangaa jinsi lilivyokubali kunyanyuka.

Safari hii mkaguzi alikanyaga breki, na gari likasimama kabla ya mstari. Akalirudia zoezi, likasimama tena. Akagonga muhuri. Mama Mkubwa alikuwa ameshaketi nyuma ya usukani.

"Panda, au utatembea?"

Walipoingia barabara kuu, upepo ukamvua Mjomba kofia.

"Dada, polepole, kuna kona."

"Breki katengeneza nani?"

"Mimi."

"Sasa unaogopa nini?"

Mjomba akashika mlango kwa mikono miwili. Mama Mkubwa akapunguza gia, akakata kona bila papara, na mbele yao barabara ilikuwa nyeupe, bila gari hata moja.